Bluu Tatu Zinazofanana, Chumba Kimoja: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Rangi kwa Nyumba za Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakishaingia, simu yangu huanza kuita kwa jambo lile lile. "Fundi, nilichagua bluu mpauko, mbona ukuta umekuwa wa kijani?" Mwingine: "Mbona chumba changu kimekuwa kama wodi?" Ukiwauliza walichaguaje, wote walichagua namna moja: wamesimama kaunta dukani, chini ya taa, kadi ya rangi mkononi, kidole kikatua kwenye kimraba kidogo kuliko kiberiti.

Napiga rangi nyumba Mtwara mjini, na kazi ikipatikana hufika hadi Lindi. Katika rangi zote, bluu mpauko ndiyo inayorudisha watu dukani. Nyekundu ikikosewa kidogo inabaki nyekundu. Bluu mpauko karibu yote ni nyeupe, na bluu yenyewe ni matone machache ndani ya galoni. Ndiyo maana mwembe ulio nje ya dirisha, sakafu nyekundu au balbu ya ukumbini vinaweza kuizidi nguvu na kuigeuza.

Kwa hiyo hapa hatuchagui rangi nzuri. Tunaziondoa zile ambazo chumba chako kinazikataa, moja baada ya nyingine, mpaka ibaki moja. Tenga siku nne au tano. Nyingi ni za kusubiri tu.

Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Vibao vitatu vya sentimita 60 kwa 60 hivi. Mabaki ya jipsam, hadibodi au plaiwudi vyote vinafaa. Kadibodi ya boksi hujikunja ikilowa, iache.
- Rangi nyeupe ya maji kidogo, ya kupaka vibao kwanza.
- Kopo dogo la kila bluu unayoifikiria. Maduka mengi hayachanganyi chini ya lita moja, na hiyo ni sababu nyingine ya kutozidisha bluu tatu.
- Rola ndogo, trei au sahani ya zamani, na msasa laini.
- Karatasi nyeupe mbili tatu za kawaida.
- Balbu ile ile itakayowaka chumbani humo.
- Penseli na kipande cha daftari.

Simu haimo kwenye orodha. Kamera hurekebisha weupe yenyewe bila kukuuliza, na bluu mpauko ndiyo ya kwanza kuharibiwa na marekebisho hayo. Nimeletewa picha ya bahari ya Msimbati ya saa nne asubuhi nikaambiwa "nataka hii". Rangi ile ukiipaka kuta nne utalala ndani ya ndoo ya plastiki.

Hatua ya 1: Jua dirisha lako linatazama wapi

Simama chumbani uso ukielekea dirishani, kisha tafuta jua linakochomoza. Andika: mashariki, magharibi, kaskazini au kusini.

Sisi tuko karibu digrii 10 kusini mwa ikweta, na watu wengi wanadhani jua la mchana linapita utosini mwaka mzima. Sivyo. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la saa sita liko upande wa kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari linahamia kusini. Chumba chenye dirisha la kusini kinaweza kukaa miezi saba au nane bila jua kuingia moja kwa moja, kikapata mwanga wa anga peke yake. Mwanga wa anga wenyewe una ubluu, kwa hiyo bluu yoyote humo inapoa zaidi, na bluu yenye ukijivu inakuwa ya huzuni.

Dirisha la mashariki linakupa asubuhi ya njano na mchana wa kivuli. La magharibi ni gumu kuliko yote: saa kumi na moja jioni mwanga wa rangi ya chungwa unapiga ukuta, na bluu iliyokuwa safi mchana inageuka kijivu chafu kwa saa nzima. Kama ni sebule ambayo familia hukaa saa hizo hizo, hilo si jambo dogo.

Halafu tazama kilicho nje ya dirisha, maana nyumba zetu nyingi zina baraza na paa lililotokeza mbele. Mwanga unaoingia umeshagonga kitu kwanza. Shangani unagonga mchanga mweupe na kuingia karibu kama ulivyo. Ukipanda Newala au Tandahimba unagonga udongo mwekundu na kuingia na wekundu wake. Ukigonga majani, unaingia wa kijani.

Hili la majani nililipia kwa mfuko wangu. Chumba cha dada yangu, Magomeni hapa Mtwara, nilikichagulia rangi mwenyewe kaunta, kwa kujiamini kwa fundi. Mwembe ulikuwa hatua nne kutoka dirishani. Nilipomaliza, dada aliingia, akazunguka mara moja, akasema: "Kaka, mbona umenilaza ndani ya majani?" Nilirudia kuta zote nne. Galoni mbili, na siku mbili za kazi bila malipo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja mwanga wako unatoka wapi na unapita wapi: "Dirisha la magharibi, mbele kuna uwanja wa mchanga, hakuna mti."

Hatua ya 2: Punguza kadi mpaka zibaki bluu tatu

Chukua kadi, toka nayo nje ya duka, simama kivulini. Si juani, wala si chini ya taa ya duka.

Weka karatasi nyeupe juu ya kadi kiasi cha kuacha bluu moja tu inaonekana. Bluu mpauko ikizungukwa na bluu nyingine inaonekana bluu safi hata kama siyo. Ikikaa peke yake kando ya nyeupe, inajitaja. Utaona moja kati ya mambo matatu:

Inavuta kijani. Hii ndiyo watu wanaiita bluu bahari. Inapendeza penye jua jingi la njano na inapotea kabisa karibu na miti.

Inavuta kijivu. Dukani huonekana ya kitajiri, tulivu. Kwenye chumba chenye mwanga mdogo inakuwa saruji. Mahali pake ni pale penye mwanga mkali, kwa sababu mwanga mkali unakula ukijivu na kuacha bluu.

Inavuta zambarau. Hii ndiyo inayotoroka macho ya wengi. Mchana ni bluu ya kawaida, usiku chini ya balbu ya njano inaanza kufanana na maua ya mjakaranda. Sakafu nyekundu inaisukuma huko huko.

Ukishindwa kuona, fanya hivi: kama kadi yako imepangwa kwa mistari kutoka mpauko kwenda iliyokolea, tazama rangi ya mwisho kabisa ya mstari huo. Ile iliyokolea haiwezi kuficha. Kama chini kuna kijani cha bahari, basi mpauko wake wa juu una kijani hicho hicho, kimezama tu kwenye nyeupe.

Majina ya kwenye kadi yasikushughulishe. Andika namba.

Sasa ondoa kwa kutumia sentensi ya hatua ya kwanza. Miti dirishani: ondoa zinazovuta kijani. Dirisha la kusini au chumba cha giza: ondoa zinazovuta kijivu. Sakafu nyekundu na balbu ya njano: ondoa zinazovuta zambarau. Zikibaki zaidi ya tatu, toa ile iliyokolea kuliko wenzake, kwa sababu nitakayoieleza kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 3: Paka vibao, si ukuta

Najua kishawishi. Kopo umelifungua, ukuta uko hapo, brashi mkononi. Usipake ukutani. Ukuta wako una rangi ya zamani, na krimu ikiwa chini ya bluu mpauko inaivuta kuelekea kijani. Zaidi ya hapo, mabaka ya majaribio huacha kingo zinazoonekana hata baada ya kupaka juu yake, na baka halihami. Kibao kinahama.

Piga msasa kidogo, futa vumbi, paka nyeupe mara mbili kila kibao. Ikikauka, paka bluu mara mbili kwa rola, si kwa brashi, kwa sababu chumba chenyewe utakipaka kwa rola na alama zake hubadilisha namna ukuta unavyorudisha mwanga. Acha ukingo mweupe wa vidole vitatu kuzunguka kibao chote. Huo ukingo utalinda jicho lisiichanganye bluu na rangi ya ukuta wa nyuma.

Nyuma ya kila kibao andika namba ya rangi. Nyuma, si mbele. Ukiijua namba kabla ya kutazama, utaitetea ile uliyoipenda dukani.

Subiri siku nzima. Rangi ya maji ikiwa mbichi ina weupe kama wa maziwa, na weupe huo huondoka inapokauka, kwa hiyo rangi hukolea. Watu wanaohukumu rangi ikiwa mbichi huishia na chumba kilichokolea kuliko walivyotaka. Wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, hewa yetu ya pwani huchelewesha ukaukaji. Hapo subiri siku mbili.

Onyo: kama chumba kitapakwa rangi ya kung'aa ya hariri, kibao nacho kiwe cha aina hiyo hiyo. Namba ile ile kwenye rangi isiyong'aa na kwenye rangi inayong'aa hazitafanana ukutani.

Hatua ya 4: Zungusha vibao, siku mbili

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi huikatisha.

Simamisha kibao kimoja ukutani, kimo cha macho yako. Kimoja tu. Ingia ndani, kaa dakika tano bila kukitazama. Macho yaliyotoka kwenye jua la Mtwara la saa saba hayaoni rangi, yanaona giza. Yakishatulia, tazama, na uandike neno moja. Usiandike "nzuri" wala alama kumi kwa kumi. Andika unachoona: maji, majivu, kijani, baridi, zahanati, shati jipya.

Fanya hivyo kwa kila kibao saa moja na nusu asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Siku ya kwanza viweke ukuta unaotazamana na dirisha. Siku ya pili viweke ukuta wenye dirisha lenyewe. Ukuta wa dirisha haupigwi na mwanga wa nje moja kwa moja, kwa hiyo siku zote ni wa giza zaidi, na bluu inayokataa hushindwa hapo kwanza.

Daftari la mteja wangu mmoja wa Lindi mjini, dirisha la magharibi, lilisomeka hivi kwa kibao cha pili: asubuhi "maji", mchana "shati jipya", jioni "majivu", usiku "majivu". Alikipenda kuliko vyote. Nikamuuliza, huwa unakaa chumbani saa ngapi? Anatoka saa moja asubuhi, anarudi saa kumi na moja. Kwa saa zake yeye, rangi ile ilikuwa majivu tu. Tukaiondoa, na alinuna kidogo.

Ndiyo kanuni yenyewe: hesabu maneno ya saa ambazo chumba kinatumika. Chumba cha kulala, neno la usiku lina uzito kuliko la mchana.

Kama unajaribu mwezi Juni na dirisha lako ni la kusini, kumbuka Desemba jua litaingia. Bluu iliyo baridi kidogo Juni inavumilika. Iliyo baridi sana usiitetee kwa kutegemea Desemba.

Hatua ya 5: Taa

Amua balbu kabla hujaamua rangi. Soma boksi lake. Iliyoandikwa 6500K hutoa mwanga mweupe wenye ubluu, na ndiyo imejaa madukani. Iliyoandikwa 3000K hutoa mwanga wa njano kama wa balbu za zamani.

Chini ya 6500K bluu mpauko inakuwa kali, na ndiyo asili ya malalamiko mengi ya "wodi". Chini ya 3000K, inayovuta kijani inakuwa kijani, inayovuta zambarau inachafuka, na yenye kijivu kidogo hupendeza. Ukiipenda rangi fulani lakini usiku inakukataa, badilisha balbu ujaribu tena kabla ya kuitupa. Balbu ni rahisi kuliko galoni.

Vibao viwili vinaweza kufanana kabisa mchana na kuachana usiku. Usishangae, matone yaliyowekwa ndani si yale yale.

Hatua ya 6: Vibao na vitu vya ndani

Lete kibao karibu na vitu visivyobadilika: sakafu, dari, mlango, kitanda.

Kitanda cha mninga kina wekundu wa kahawia, na kando yake bluu yoyote inaonekana bluu zaidi ya ilivyo. Marumaru za krimu zikiwa chini ya bluu safi huanza kuonekana zimekaa na uchafu. Chandarua mara nyingi ni cheupe au cha bluu, na usiku kikishushwa ndicho kitu kikubwa kuliko vyote chumbani. Kama chako ni cha bluu, kitundike, weka kibao nyuma yake. Bluu mbili zinazokaribiana bila kufanana ni mbaya kuliko zinazoachana waziwazi.

Sasa ile sababu niliyoiahidi. Rangi kwenye kuta nne hujirushia yenyewe: ukuta huu unapeleka bluu kwa ule, nao unairudisha. Chumba kizima kitakolea kuliko kibao, kama kibao kilivyokolea kuliko kadi. Ukibaki na mbili zilizolingana maneno, chukua iliyopauka zaidi. Sijawahi kuitwa na mtu aliyelalamika kwamba bluu yake imepauka mno.

Na kama siku ya tatu bado huoni tofauti kati ya hizo mbili, basi kwa macho yako ni rangi moja. Chukua ya bei nafuu. Mchagua nazi hupata koroma.

Hatua ya 7: Kununua

Piga hesabu kwanza. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni mita 3 kwa 3.6. Mzunguko ni mita 13.2. Kimo cha mita 2.7 kinakupa karibu mita za mraba 36, toa mlango na madirisha mawili zinabaki 30. Ukipaka mara mbili ni 60. Lita moja kwenye ukuta laini hufika mita za mraba 10 hivi, kwa hiyo unahitaji lita 6: nunua galoni mbili za lita 4. Ukuta wa plasta ya kukwaruza unakunywa zaidi.

Nunua zote siku moja, duka moja, zichanganywe mfululizo. Nyumbani mimina galoni zote kwenye ndoo moja ya lita 20 ukoroge pamoja. Tofauti ndogo kati ya galoni na galoni hutaiona kwenye kopo. Utaiona katikati ya ukuta, pale ya kwanza ilipoishia.

Kabla hujatoka dukani, wapake kidole cha rangi kwenye kipande cha kibao chako, kikauke, ulinganishe. Haiko sawa, usiipokee.

Usikubali fundi "akuongezee bluu kidogo" kwa jicho. Leo itapendeza. Siku utakapotaka kuziba baka la kona, hakuna atakayeweza kuirudia. Maji ya kupunguzia nayo yawe kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Rangi ikiwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, itahitaji kupakwa mara nne na bado ukuta utaonekana chini.

Hatua ya 8: Ukuta wenyewe

Haya nayapitia haraka, lakini ukiyaruka kazi yote ya vibao imepotea.

Plasta mpya isubiri wiki nne. Ikiwa mbichi ina ukali wa saruji unaoweza kuunguza rangi ikatoka madoa. Kwa ukuta wa zamani, bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta una unyevu, usipake. Unga mweupe unaochipuka ukutani ni chumvi, na nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa baharini zinaijua vizuri. Isugue kwa brashi kavu na uzibe njia ya maji kwanza. Ukiifuta kwa kitambaa chenye maji unairudisha ndani.

Ukuta wa chokaa ukiacha weupe kwenye kiganja, kwangua, kisha paka rangi ya msingi. Ukuta wa rangi ya mafuta piga msasa, ila rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi: lowesha unaposugua, vaa barakoa, watoto wasiwepo.

Anza na ukuta unaotazamana na dirisha. Mara ya kwanza utakuwa na mabaka na utaonekana umekosea kila kitu. Usipige simu bado. Paka mara ya pili, acha ulale, utazame saa ile ile uliyoandika neno ulilolipenda. Ukiwa umesimama mlangoni na kibao mkononi, kibao na ukuta viwe ndugu, ukuta umekolea kidogo. Ukiona hivyo, endelea na kuta tatu zilizobaki.

Mabaki ya bluu zilizokataliwa changanya pamoja upake stoo. Ya chumba chenyewe hifadhi nusu lita kwenye kopo linalofunga vizuri, na andika namba yake kwa penseli juu ya fremu ya mlango, upande wa juu usioonekana, maana kifuniko cha kopo hupotea.